Barabara Zote Zinarudi Getini: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu Fupi ya Ajabu Kuhusu Vijana Wanaouhama Mtaa

Vijana watatu wa Goba wameamua kuondoka. Wana mabegi ya shule na nauli ya kuwafikisha Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Wanapanda kilima, wanapita duka la Mangi, wanakata kushoto kwenye pagale, na mbele yao lipo geti la bluu lile lile walilotokea. Wanajaribu njia nyingine. Geti la bluu. Mama anayeuza vitumbua pembeni hashtuki hata kidogo.

Hiyo ndiyo filamu tutakayoijenga humu hatua kwa hatua: dakika 12, siku 4 za kupiga picha, watu 7 nyuma ya kamera, mtaa mmoja. Goba ni mfano. Ukiwa Kigamboni, Kitengela au Ongata Rongai, badilisha majina ya vituo. Unachohitaji ni pembezoni mwa jiji, mahali ambapo nusu ya nyumba bado hazijaezekwa, jiji linaonekana usiku kama taa za mbali, na kila safari inaanza kwa kutembea hadi kwenye lami.

Kanuni moja ya ajabu, basi

Kosa la kwanza katika filamu za namna hii ni wingi wa maajabu. Samaki anaruka angani, bibi anageuka mti, saa ya ukutani inakwenda kinyume, na kufikia dakika ya nne mtazamaji amechoka kwa sababu hana pa kushika. Chagua ajabu moja, iandike kwa sentensi isiyozidi maneno 12, ibandike ukutani. Yetu ni hii: kila njia ya kutoka mtaani inarudi kwenye geti la bluu.

Kabla hujaandika mstari mwingine, jibu maswali matatu. Nani anaijua kanuni hii? Inamgharimu nini anayeijaribu? Inavunjikaje? Kwetu, wakubwa wote wa mtaa wanaijua na walishaizoea zamani. Kila mara vijana wanaporudi wanakuwa wamepungukiwa kitu: kwanza begi, kisha viatu, kisha jina la mmoja wao, ambalo wenzake hawalikumbuki tena. Na inavunjika pale Subira, mdogo kuliko wote, anapogeuka na kulifunga geti mwenyewe kwa nje. Mara zote za nyuma walikuwa wakiliacha wazi. Hakuna mhusika anayelisema hilo kwa mdomo, kwa hiyo picha ndiyo iliseme: geti lililoachwa wazi lionekane angalau mara mbili kabla ya hapo, sekunde 3 kamili kila mara, bila mtu kupita mbele yake. Ukilisahau hilo siku ya kupiga, mwisho wa filamu hautaeleweka, na hakuna uhariri utakaokuokoa.

Usimalizie kwa ndoto. Mtazamaji akiambiwa kumbe ilikuwa ndoto tu, anajiona kadhulumiwa dakika zake zote. Na usimwite mganga. Filamu zetu nyingi zimepita njia ya uchawi, kiasi kwamba hirizi moja ikionekana kwenye kona ya fremu watu wanaanza kumtafuta mchawi, na hadithi ya vijana inageuka kuwa kesi. Ajabu yako isiwe na mwenyewe.

Hapa msikilizaji wa Kiswahili ana akiba kubwa ambayo waandishi wengi wa mswada huiacha. Fanani akisema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", tangu hapo hakuna anayeuliza kwa nini sungura anaongea. Ajabu imekubaliwa kabla ya hadithi kuanza. Filamu yako nayo iwe na paukwa yake ndani ya dakika ya kwanza: tukio dogo lisilowezekana, linalopita bila kuelezwa. Kwetu ni mama wa vitumbua kumpa kijana chenji ya kitumbua ambacho hajakinunua bado. Ndani ya dakika mbili kijana anarudi kukinunua.

Umbo la hadithi ya kukua nalo lipo nyumbani. Jando na unyago huenda kwa hatua tatu: kutolewa nyumbani, kukaa kando na wazazi chini ya nyakanga au kungwi, kisha kurudi ukiwa mtu mwingine, na kwa baadhi ya makabila kwa jina jipya. Chukua umbo hilo na uliache liongoze mpangilio wa matukio: kutoka, kupotea, kurudi ukiwa umebadilika. Lakini nyimbo na mafunzo ya unyago yana wenyewe. Usiyaweke kwenye filamu, wala usiyaigize kwa kubahatisha, bila ridhaa ya kina mama wanaoyatunza.

Mswada

Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu, hivyo andika kurasa 12. Kurasa 2 za mwanzo ni za mtaa ulivyo. Kurudi kwa kwanza kuchukue kurasa 2, kwa pili kurasa 3, kwa tatu ukurasa mmoja tu, maana mtazamaji ameshaelewa na ukirudia kwa urefu ule ule atakutangulia. Kurasa 4 zinazobaki ni za vijana wenyewe: ugomvi, anayetaka kubaki, aliyesahauliwa jina, na geti.

Mazungumzo ndiyo yanayobeba ajabu kuliko hila yoyote ya kamera. Tazama jinsi kipande hiki kinavyokwenda:

NJE. GETI LA BLUU. MCHANA.

SUBIRA: Shikamoo mama.
MAMA VITUMBUA: Marahaba wanangu. Leo vingapi?
KASSIMU: Tumenunua sasa hivi, mama. Hata nusu saa haijapita.
MAMA VITUMBUA: Ile ilikuwa jana. (Anageuza kitumbua.) Viatu mmeacha wapi?

Vijana wanatazama miguu yao.

Mama hajashangaa, hajacheka, hajatisha. Anaendelea kugeuza vitumbua. Mwigizaji akiongeza macho ya siri au tabasamu la kujua jambo, tukio limekufa. Mwelekeze hivi: wewe unawaza mafuta yasiungue, basi. Kanuni hiyo ni ya filamu nzima, kwa waigizaji na kwa kamera pia: ajabu ichezwe kama jambo la kila siku, na mambo ya kila siku yachezwe kwa uzito wote. Ugomvi wa nauli ndio upigwe kama msiba.

Lugha ya vijana waachie vijana. Andika maana ya mstari, kisha kwenye mazoezi waulize wao wangesemaje. Mswada uliojaa misimu ya mtu wa miaka 40 unasikika mara moja.

Vibali, na saa za watoto

Tanzania bara, kibali cha kupiga filamu kinatolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Peleka mswada, orodha ya watu wako na maeneo, mapema. Ukishapata kibali, nenda nacho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe, uwaeleze tarehe na saa. Mjumbe aliyepata taarifa atakusaidia kuliko kibali chenyewe siku jirani atakapowasha jenereta. Droni iache: inahitaji usajili na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na picha ya juu inamwonesha mtazamaji ramani ya mtaa, wakati filamu hii inataka apotee.

Waigizaji wako watakuwa na miaka 14 hadi 17, na hapo sheria inaingia kwenye sanaa moja kwa moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi, na inakataza mtoto kufanya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo matukio yote ya usiku ama yapigwe jioni kwa hila iliyoelezwa hapo chini, ama yaigizwe na vijana waliotimiza miaka 18. Chukua ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, ikitaja tarehe, saa za kuanza na kumaliza, usafiri wa kurudi na malipo. Panga siku zako kwenye likizo ya Juni au Desemba. Na mtu mzima mmoja, asiye mwongozaji, kazi yake iwe watoto tu: maji, kivuli, chakula, na kusema "imetosha".

Jambo la nywele linasahaulika kila mara. Binti akisukwa upya Jumapili, Jumatatu ni mtu mwingine kwenye picha. Kubalianeni na mama yake mtindo utakaokaa siku zote nne, na piga picha ya kichwa pande zote nne siku ya kwanza. Kwa wavulana, tarehe ya kunyoa iandikwe kwenye ratiba. Nguo za wahusika nunua jozi mbili zinazofanana. Kandambili jozi tatu, kwa sababu lazima moja itakatika.

Kamera na mipangilio yake

Simu ya kisasa yenye programu inayokuruhusu kuweka mipangilio kwa mkono inatosha. Blackmagic Camera ni ya bure na inafanya kazi kwenye iPhone na kwenye simu kadhaa za Android. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Sababu si mapenzi: umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na shata ya 1/60 chini ya taa za dukani au taa za barabarani hukuletea mistari inayotembea kwenye picha, isiyofutika baadaye.

Tatizo linalofuata ni jua. Mchana mweupe, simu yenye lenzi ya f/1.8 (upana wa tundu lake) ikiwa kwenye ISO 50 (wepesi wa kamera kuunasa mwanga) na shata 1/50 inapokea mwanga uliozidi kwa takribani stopu 6, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili. Kioo cha ND64, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, kinaupunguza kiasi hicho hicho. Bila hicho kioo, simu itapandisha shata hadi 1/3000 na mwendo wa watu utaonekana wa kukatika-katika. Funga mwangaza, funga fokasi, na weka rangi ya mwanga kwenye Kelvin 5600 kwa mchana wote. Ukiiacha simu ijichagulie, ukuta utabadilika rangi kila anapopita mtu mwenye shati jeupe.

Tumia lenzi pana, ya milimita 24 hadi 28 kwa kipimo cha kamera kubwa, na uiweke kwenye kimo cha macho ya kijana mfupi kuliko wote. Ukuta wa futi 7 kutoka kimo hicho ni mrefu kweli, na chupa zilizovunjwa juu yake zinaonekana dhidi ya anga. Kamera isitembee ovyo. Stendi ya miguu mitatu, fremu pana, watu wadogo ndani yake. Kamera inayotikisika inamwambia mtazamaji kuwa kuna hatari. Sisi tunataka kamera ambayo haijui kama kuna ajabu yoyote.

Hila ya kwanza: barabara inayorudi

Hii ndiyo roho ya filamu, ipe siku nzima. Tafuta geti lenye njia pande zote mbili, kushoto na kulia, na nafasi ya kuweka kamera mita 8 mbele yake. Ukishapata fremu, pigilia misumari mitatu ardhini kwenye miguu ya stendi, pima kwa futi kimo cha lenzi kutoka ardhini, andika kwenye daftari. Utarudi hapo mara nne, na sentimita 5 za tofauti zinaonekana.

Vijana watoke getini na kuondoka upande wa kulia wa fremu. Kata. Wapigwe wakitembea mahali pengine kabisa, mita 300 au zaidi, wakielekea kulia pia. Kisha kwenye fremu ya geti waingie kutoka kushoto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiingia kutoka kulia, mtazamaji anaona wamegeuza na kurudi, jambo la kawaida kabisa. Wakiingia kutoka kushoto anaona wamekwenda mbele tu, mbele tu, na bado wamefika walipotoka. Tofauti ya ajabu na uchovu ni upande mmoja wa fremu.

Kila wanaporudi badilisha kitu kimoja nyuma yao, kisizidi kimoja: kanga kwenye kamba ni nyekundu, kisha ya kijani, kisha kamba tupu. Ndoo za maji ni tatu, kisha mbili. Usiyaelekezee kamera mabadiliko hayo. Watakaoyaona watawaambia wenzao.

Adui wa shoti hizi ni kivuli. Kivuli cha nguzo kilichokuwa kushoto asubuhi kiko kulia alasiri, na mtazamaji atajua muda umepita. Piga kutoka na kuingia vifuatane ndani ya dakika 30. Vipande vya mita 300 vipige baadaye, mahali penye kivuli cha miti.

Kama bajeti inaruhusu, fanya toleo lisilo na kata kwa kurudi kwa tatu. Tafuta geti la pili linalofanana, kwenye kona ya pili ya mtaa, na ulipake bluu kwa ruhusa ya mwenyewe. Geti la mita 3 kwa 2.2, upande mmoja, linakula karibu lita moja na nusu ya rangi ya mafuta kwa mikono miwili, na mkono wa kwanza ulale usiku mzima kabla ya wa pili. Kamera inawafuata vijana kutoka geti hadi geti kwa pumzi moja. Mwahidi mwenye geti kulirudishia rangi yake, na lirudishie.

Hila ya pili: watu wasio na kivuli

Sisi tulio karibu na ikweta tuna zawadi ambayo mpiga filamu wa Ulaya haipati hata mara moja. Mara mbili kwa mwaka jua hupita wima kabisa utosini, na mtu aliyesimama hana kivuli. Kwa Dar es Salaam ni karibu tarehe 3 au 4 Machi na tarehe 10 au 11 Oktoba. Mwezi Machi jua huwa utosini yapata saa 6 na dakika 35 mchana. Oktoba, yapata saa 6 na dakika 10. Mombasa ni karibu tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Nairobi karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba.

Una nafasi kuliko unavyodhani. Wiki moja kabla au baada, mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha sentimita 8 hivi tu, kinachojificha chini ya viatu vyake. Kwa saa una dakika kama 10 kabla na 10 baada. Fanyeni mazoezi asubuhi, kila mtu asimame kwenye alama yake saa 6 kamili, na katika hizo dakika 20 piga shoti tatu, usijaribu nne. Vijana wasimame katikati ya uwanja wa mchanga mweupe, mbali na ukuta, bila kofia wala begi, kwa sababu begi lina kivuli chake. Nguzo na tenki la maji viwepo ndani ya fremu, navyo havina kivuli. Picha inaonekana kama imechorwa na mtu aliyesahau kitu, na hakuna kompyuta iliyoigusa.

Jua hilo ni kali mno. Nyuso zitakuwa na mashimo meusi chini ya nyusi. Piga kutoka mbali, fremu pana, na nyuso ziache. Na tarehe hizi hazianguki kwenye likizo, hivyo tafuta Jumamosi au Jumapili iliyo ndani ya wiki hiyo.

Hila ya tatu: mvua ndani ya ukuta mmoja

Nje jua linawaka, ndani ya ua wa Kassimu pekee mvua inanyesha. Unahitaji tenki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita 3, mpira wa kupeleka maji, na bomba la plastiki la nusu inchi lenye urefu wa mita 3, lililozibwa mwisho. Toboa matundu 20 ya milimita 2, moja kila sentimita 15, ukiyatazamisha juu kidogo ili maji yapande kwanza ndipo yaanguke. Yakitazama chini yanatoka kama bomba la mvua la bafuni. Kwa kimo hicho utatumia lita 15 hivi kwa dakika, maana yake tenki linakupa zaidi ya saa moja ya mvua. Funga bomba mita 1 nje ya fremu, juu.

Mvua haionekani ikipigwa mwanga kutoka mbele. Hili linawashangaza wengi: wamemwaga tenki zima na kwenye picha pakavu. Jua liwe nyuma ya mvua, likitazamana na kamera, na nyuma ya matone pawe na kitu cheusi, kama mlango ulio wazi wa chumba kisicho na taa. Saa 10 alasiri ndiyo wakati wake. Umeme wote wa ndani ya ua uwe umezimwa kabla bomba halijafunguliwa, na mama mwenye nyumba alipwe maji yake.

Hila ndogo

Viatu kutoweka miguuni: kamera haisogei hata nywele, kijana anasimama alipo, unasema "ganda", mtu anamvua viatu huku yeye hajasogeza goti, mnaendelea, katikati unakata. Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Kifaransa, alikuwa akiitumia hila hii tangu mwaka 1896, na bado inawashangaza watu.

Kanga kupanda yenyewe kwenye kamba: iangushe kutoka kwenye kamba, piga kwa fremu 50 kwa sekunde, igeuze kinyumenyume. Angalia nyuma: bodaboda ikipita, nayo itakwenda kinyumenyume, na moshi wa jiko utarudi jikoni.

Subira wawili kwenye fremu moja: kamera imefungwa, nguzo ya geti ndiyo mpaka, piga upande wa kushoto, kisha wa kulia, ndani ya dakika 5, bila kivuli wala mkono kuvuka nguzo. Wingu likipita katikati, anza upya. Usijidanganye kuwa halitaonekana.

Usiku bila usiku

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni, kutegemea mwezi, na mwanga wa bluu unaofuata hauzidi dakika 20 au 25. Kwa shoti yenye anga, piga hapo. Washa taa za madirishani mapema, maana dirisha lenye taa ndilo linaloushawishi ubongo kuwa ni usiku. Kwa shoti nyingine, piga saa 11 jioni upande wenye kivuli, weka Kelvin 3200 ili picha iwe ya bluu, punguza mwangaza kwa stopu 1.5 hadi 2, na anga isiingie kabisa kwenye fremu. Tochi ya simu mkononi mwa mhusika wakati huo ni dhaifu mno. Mpe taa ya kuchaji yenye nguvu. Saa 1 na nusu watoto wawe kwenye gari la kurudi.

Siku nne zenyewe

Siku ya kwanza ni ya geti peke yake, marudio yote. Siku ya pili, mazungumzo ya mama wa vitumbua na ugomvi wa vijana, maana yanahitaji waigizaji ambao hawajachoka. Vitumbua vya mezani pika 40 hata kama vinaonekana 12: vitaliwa, na idadi kwenye sahani lazima ifanane kutoka shoti hadi shoti. Siku ya tatu, mvua na hila ndogo. Ya nne, safari na "usiku". Shoti za jua la utosini zina tarehe yake, hazihesabiki humu. Anza saa 1 asubuhi, pumzika saa 6 hadi saa 9 kwa kuwa mwanga wa saa hizo ni mbaya kwa nyuso na joto linawamaliza watoto. Pesa ikipungua, punguza vifaa, usipunguze chakula.

Kila jioni nakili picha kwenye diski mbili tofauti, zikalale nyumba mbili tofauti, ndipo ufute kadi.

Sauti

Mtaa wa pembezoni haunyamazi kamwe: jogoo, jenereta, honi ya bajaji, welding ya fundi mageti, redio ya jirani. Rekodi yote hayo kila moja peke yake, dakika 2 kila sauti, na ukimya wa mahali pale kwa sekunde 30 kila ulipoweka kamera. Kisha kwenye uhariri fanya ajabu kwa kuondoa. Dakika za mwanzo mtaa una sauti zote. Kurudi kwa kwanza, jogoo hayupo. Kwa pili, redio imezimika. Kwa tatu zimebaki nyayo na mafuta ya vitumbua yakichemka. Mtazamaji hatajua ni nini kinamkaba, lakini atakabwa. Adhana usiikate wala kuichezea. Ikiingia wakati wa kupiga, subirini iishe.

Maikrofoni iwe sentimita 50 kutoka mdomoni, juu kidogo nje ya fremu, na kilele cha sauti kisizidi desibeli -12. Muziki mpe produsa kijana wa mtaani autunge kwa makubaliano ya maandishi. Wimbo uliovuma, bila ridhaa ya mwenyewe, utakufungia milango ya matamasha hata kama filamu ni nzuri.

Kuhariri na kuonesha

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, inatosha kwa kila kitu kilichotajwa hapa. Toleo la kwanza litakuwa la dakika 17 au 18. Kata mwanzo wa kila shoti kabla hujagusa katikati. Kisha waoneshe vijana watano wasiojua hadithi, na waulize jambo moja: kwa nini safari hii njia imefunguka? Watatu wakitaja geti, umemaliza. Wasipolitaja, tatizo liko kwenye zile sekunde 3 za geti wazi, zirefushe.

Kabla ya kuonesha hadharani, filamu inapita Bodi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Usiiweke YouTube mapema: matamasha mengi, na ZIFF ya Zanzibar ni la kulitazama kwanza, hupendelea kazi ambayo haijasambaa mtandaoni.

Onesho la kwanza fanyia mtaani ulikopiga. Shuka hupeperuka na kuiyumbisha picha, kwa hiyo paka chokaa au rangi nyeupe ya maji kwenye ukuta wa mita 3 kwa 2, na projekta ya lumeni 3,000 itatosha baada ya giza kuingia. Spika mbili ziwe kando ya ukuta, kwenye kimo cha masikio ya waliokaa. Anza baada ya sala ya Isha, mkeka wa mbele uwe wa watoto, na mwombe mwenye geti la bluu asiwashe taa yake ya nje mpaka majina yaishe kupita.